Uvimbe wa pituitari ambao haukuwa wa pituitari: kisa cha mama muuza supu wa Mbagala

Huyu mama hakuja hospitali kwa sababu kichwa kinauma, alikuja kwa sababu wateja wamelalamika. Ana miaka 47, anauza supu na chapati Mbagala Rangi Tatu, na ilifika mahali akimimina supu nusu inaingia bakulini nusu inaenda mezani, akikatiza katikati ya mabenchi bega la kushoto linapamia watu, basi wateja wa asubuhi na haraka zao wakaanza kumtania kwamba mama siku hizi anaonja kitu kabla ya kufungua biashara. Binti yake ndo hakucheka. Akamziba jicho la kushoto kwa kiganja akamuuliza mama hivi ni vidole vingapi, mama akajibu, "Vidole vya nani? Wewe mwenyewe uko wapi?"

Vitu vya kumtambulisha nimebadilisha, ugonjwa nimeuacha ulivyo.

Jicho la kulia lilianza ukungu miezi 14 kabla hajafika kwetu. Akanunua miwani. Ukungu ukabaki, akanunua ya pili, ya tatu akaandikiwa kliniki ya macho pamoja na matone ya presha ya macho maana neva ya jicho ilionekana imepauka, na neva iliyopauka hapa kwetu jina la kwanza linalokuja mdomoni ni glaukoma. Simlaumu mtu sana hapo. Ila glaukoma inachimba kile kikombe cha neva, kikombe kinapanuka, wakati neva inayobanwa kule nyuma inapauka huku kikombe chake hakijapanuka kiasi hicho, kwa hiyo ukiona weupe umezidi kikombe inabidi ujiulize nyuma ya jicho kuna nini.

Hospitali ya pili, jina silitaji, wakafanya CT skani bila dawa ya mshipani. Ripoti ikasema kuna uvimbe eneo la sela, kile kishimo cha mfupa chini ya ubongo inapokaa tezi ya pituitari, yawezekana ni adenoma ya pituitari, yaani uvimbe wa tezi yenyewe. Wakapima prolaktini, homoni ya maziwa, ikatoka 58 wakati mwisho wa kawaida kwenye ile maabara ni 25, basi mambo yakaonekana yamejipanga, uvimbe upo, homoni imepanda, kabagolini, dawa ya kushusha prolaktini, ikaandikwa, kidonge mara mbili kwa wiki, rudi baada ya miezi. Akarudi, prolaktini 4. Kila mtu akafurahi! Jicho la kulia kwa wakati huo lilikuwa limebaki na ukungu mzito, na la kushoto limeanza kupoteza upande wa nje, lakini karatasi inasema dawa inafanya kazi kwa hiyo endelea. Miezi saba imeenda hivyo.

Huo ndo mtego wenyewe. Pituitari inatengeneza prolaktini muda wote, na ubongo unaibana breki kwa dopamini inayoshuka kupitia kikonyo cha pituitari. Kitu chochote kikikibana hicho kikonyo, kiwe meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo), kiwe kraniofarinjioma (uvimbe mwingine wa jirani na pituitari), breki inalegea na prolaktini inapanda kidogo, kwa kawaida haivuki 100 na kitu. Sasa kabagolini yenyewe ni kama dopamini, kwa hiyo itaishusha prolaktini hata kama uvimbe hauhusiani nayo kabisa. Namba inashuka, uvimbe uko palepale. Adenoma inayotoa prolaktini yenyewe ikifika karibu sentimita 3 tunategemea namba za mamia mpaka maelfu, sio 58. (Kuna kisa kimoja cha kinyume, prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi mashine inazidiwa inatoa namba ndogo ya uongo, ndo maana maabara inaombwa ichanganye damu kwa maji na kurudia. Kwa huyu walirudia, 58 ilikuwa 58 kweli.)

Alipofika kliniki kwetu nikampa shikamoo, akaitikia akiwa ameangalia pembeni yangu kidogo, sio usoni. Jicho la kulia linahesabu vidole mita moja kwa shida, la kushoto 6/12, yaani anachosoma kwa mita 6 mwenye macho mazima anakisoma kwa mita 12. Tochi ya kulia mboni inasinyaa kivivu, ukiihamishia kushoto zinasinyaa fasta, ukirudisha kulia zinatanuka, maana yake neva ya kulia ni mbovu kuliko ya kushoto. Upande wa nje wa jicho la kushoto kidole changu hakionekani mpaka kifike karibu na pua. Harufu anazipata zote, nilimpa kahawa, nikampa karafuu, akanisahihisha na ya tatu kwamba hii si iliki nzuri mwanangu, hii imekaa sana dukani. Mikono na miguu safi, kichwa hakimuumi.

Kumwaga supu kunaelezeka kirahisi. Ukibaki na jicho moja huwezi kupima umbali vizuri, bakuli linaonekana lipo ila hujui lipo mbali kiasi gani. Bega la kushoto kupamia watu nalo ni hilo eneo la nje la jicho la kushoto lililozima.

MRI ikaja Alhamisi. Na hapa nikiri, kwa sababu nikijifanya nilijua toka mwanzo nitakuwa muongo: nilisoma picha nikiwa na ile ripoti ya zamani mkononi, nikaenda kwa konsaltanti nikamwambia mkuu, adenoma kubwa, imepanda juu ya sela inasukuma kiazma, pale neva mbili za macho zinapokutana, mgonjwa wa kupasuliwa kwa kupitia puani. Akaangalia kama sekunde kumi. Akauliza, "Pituitari iko wapi?" Nikamwonyesha uvimbe. "Hapana daktari, sijauliza uvimbe. Nionyeshe pituitari."

Nikaangalia tena. Ilikuwepo pale chini, imebanwa bapa kama chapati, imekaa ndani ya sela yake ya saizi ya kawaida, na kati yake na uvimbe kuna mstari mwembamba. Uvimbe wa pituitari huwa haukuachii pituitari ya pembeni namna hiyo, tena unaipanua sela kwa sababu umezaliwa mle ndani. Huu kitovu chake kiko juu na mbele ya sela. Umewaka sawasawa wote baada ya dawa, na kwa mbele kuna mkia wa dura, ule utando mgumu unaofunika ubongo, unaoteleza juu ya mfupa kuelekea puani, na mfupa chini yake umenenepa. Sentimita 2.8 kwa 2.6 kwa 2.3. Meninjioma ya tuberkulamu sela.

Kwa wasio wa fani, au wale wa mwaka wa tatu mnaoogopa hili somo, kitako cha fuvu ukikiangalia kwa juu baada ya kutoa ubongo ni kama baraza ya ngazi tatu inayoshuka kwenda nyuma. Ngazi ya mbele ndo ya juu zaidi, iko juu ya macho na pua, katikati ina kibati chenye vitundu vitundu ambapo neva za harufu zinapenya. Ukirudi nyuma kidogo kuna uwanja bapa, planamu sfenoidali, halafu kuna mfereji mdogo wa kulala kulia kwenda kushoto, kila upande wake kuna tundu la neva ya jicho, halafu kinundu kidogo, hicho ndo tuberkulamu, halafu unadondokea kwenye shimo la sela, tandiko la Kituruki, pituitari inakaa humo. Kutoka planamu mpaka sela ni eneo dogo sana, ncha ya kidole inalifunika. Ngazi ya kati kushoto na kulia inabeba ndimi za pembeni za ubongo, na kando ya sela kuna sinasi kavanasi, mfuko wa damu ya vena, karotidi, ateri kubwa ya ubongo, inapita ndani yake pamoja na neva ya sita, neva nyingine za kuzungusha jicho na za hisia za uso zikiwa kwenye ukuta wake. Ngazi ya nyuma ndo ya chini kabisa, mfupa unaoitwa klivasi unateremka mpaka lile tundu kubwa la uti wa mgongo, pembeni mfupa wa petrasi na tundu la neva ya uso na ya kusikia, chini yake tundu la jugulari lenye neva za kumeza na sauti.

Meninjioma inaweza kuota popote penye dura, maana inatokana na seli za araknoidi (utando laini chini ya dura) zinazogusana na dura, jina lenyewe aliliweka mpasuaji wa ubongo Harvey Cushing mwaka 1922. Na zile za kitako cha fuvu haziitwi kwa saizi wala kwa zimefika wapi, zinaitwa kwa mizizi yao imeshika wapi. Ni kama Kariakoo. Ukimwambia bodaboda nipeleke Kariakoo atakuuliza mtaa gani, na ukisema tu mzigo mkubwa hajapata kitu, anataka Kongo au Msimbazi au Aggrey. Ngazi ya mbele kuna za mfereji wa harufu, za planamu na za tuberkulamu. Ya kati kuna za bawa la sfenoidi, ambazo zinagawanywa ya ndani karibu na klinoidi (ncha ya mfupa kando ya neva ya jicho), ya katikati, na ya nje, pamoja na ile bapa inayotambaa na kunenepesha mfupa mpaka jicho linatoka nje, halafu kuna za sinasi kavanasi. Nyuma kuna za petroklivali, za kona ya serebela na ponsi, za jugulari na za foramen magnamu, lile tundu kubwa.

Mtu atasema sasa kinundu na uwanja vimepishana milimita chache, kuna haja gani ya kugombana majina? Haja ipo. Uvimbe wa mfereji wa harufu unakua mbele ya kiazma, unaisukuma chini na nyuma, mtu anapoteza harufu, anabadilika tabia, anakuwa mzembe mzembe, ndugu wanadhani utu uzima, na macho yanakuja mwishoni kabisa uvimbe ukiwa na saizi ya chungwa. Wakati mwingine unakuta jicho moja neva imekufa kwa kubanwa na jingine imevimba kwa presha ya kichwani, daktari Foster Kennedy aliielezea hiyo mwaka 1911. Uvimbe wa tuberkulamu wenyewe unaanzia chini ya kiazma, unainyanyua juu na kuirudisha nyuma, neva mbili za macho unazitanua pembeni, kwa hiyo unaanza kula macho ungali mdogo, na karibu kila mara jicho moja linatangulia. Ule wa klinoidi unakuja kutoka pembeni, na pale kuna swali la karotidi. Mpasuaji Al-Mefty mwaka 1990 aliugawa mara tatu kwa kuangalia kama kati ya uvimbe na mshipa kuna utando wa araknoidi au hakuna, sababu usipokuwepo uvimbe umegandana na ukuta wa karotidi na hapo hung'oi, unaacha. Kwa hiyo mizizi ikishajulikana wewe daktari unajua neva utaikuta wapi kabla hujafungua, imenyanyuliwa juu ya uvimbe, imekandamizwa chini yake, au imesukumwa kando.

Huyu mama harufu zake zote zipo, jicho la kulia limetangulia, la kushoto limepoteza nje. Ukikaa chini na kalamu unaweza kuandika jina la uvimbe hata kabla ya MRI. Sisi tulikuwa tumebeba karatasi.

Kitu kingine kwenye picha zake: uvimbe ulikuwa umechungulia ndani ya tundu la neva ya kulia, kwa chini na kwa ndani. Hizi za tuberkulamu zina hiyo tabia, na lile tundu lina urefu kama sentimita moja tu lakini ni la mfupa, halitanuki, kauvimbe kadogo ndani yake kanaweza kuua neva kuliko donge zima lililoko nje. Ateri za mbele za ubongo zimelala juu ya mgongo wa uvimbe. Karotidi ya kulia imeguswa, haijazungukwa.

Swali la mionzi liliulizwa na mtoto wake wa kiume, aliyesikia hospitali ya saratani ya Ocean Road wana mashine za kisasa, kwa nini mama apasuliwe kichwa. Swali zuri. Mionzi ya mpigo mmoja neva ya jicho haitaki zaidi ya Gy (grei, kipimo cha mionzi) 8 mpaka 10, na uvimbe huu umeikalia neva, hakuna nafasi ya kupita katikati. Ile ya kugawanywa siku nyingi mpaka Gy 50 na kitu inawezekana, lakini inazuia kukua tu, haiondoi uzito juu ya neva inayokufa leo. Ingekuwa bibi wa miaka 80 mwenye moyo mbovu tungeongea tofauti.

Njia ndo ilileta mabishano wodini. Kwa puani na endoskopu, kamera nyembamba, unafika kwenye tuberkulamu kwa chini, mizizi unaikuta mwanzo, na ile sehemu ya ndani ya tundu la neva unaiona vizuri kuliko njia yoyote, ila ukimaliza umeacha tundu kati ya pua na ubongo na maji ya ubongo yakivuja una shughuli nyingine. Kwa juu, upande wa paji na panja la kulia, unaona karotidi na ateri za mbele, ila ile kona ya chini ya ndani ya tundu la kulia inajificha nyuma ya neva yenyewe, ndo maana wengine wanaingilia upande wa pili makusudi. Konsaltanti akachagua kwa juu, kulia, kwa sababu uvimbe ulivuka kwenda nje ya neva kidogo na zile ateri mgongoni hazimpi amani kwa puani. Mimi ningependa kuona ya puani, kiukweli hata sasa sijashawishika moja kwa moja, lakini sio mimi niliyeshika kisu.

Masaa saba. Kitu cha kwanza alichofanya kabla hajaugusa uvimbe ni kukata ule mkunjo mkali wa dura unaokaa juu ya neva kama ukingo wa sufuria, na kufungua paa la mfupa wa tundu kwa drili ndogo huku maji yanamwagika muda wote kupoza, maana ukianza kuvuta uvimbe neva ikiwa bado imeminywa pale unaimaliza wewe mwenyewe. Halafu akachoma mizizi kwenye tuberkulamu, damu ikapungua hapohapo, akachimba donge ndani likawa kama ganda, ndo akaanza kulimenya ganda kutoka kwenye araknoidi. Kwa chini kuna ateri ndogo ndogo zinazotoka karotidi kwenda kiazma na kikonyo, hazifiki hata unene wa uzi wa kushonea, na hizo ndo zinalisha neva. Ukikata moja kwa haraka mgonjwa anaamka kipofu na picha ya MRI inaonekana nzuri sana. Hapo ilienda saa nzima na nusu, thieta nzima haikohoi.

Ulitoka wote, dura ya pale haikutolewa bali ilichomwa, kwa hiyo ni daraja la pili la Simpson. Simpson, mpasuaji, aliandika madaraja yake ya kiasi cha uvimbe kilichotolewa mwaka 1957: la kwanza ni uvimbe pamoja na dura na mfupa wake, la pili dura imechomwa tu, la tatu uvimbe umetoka dura haijaguswa, la nne umebaki, la tano umechukua kipande au kupunguza uzito. Kurudi kwake wakati ule kulikuwa asilimia 9, 19 na 29 kwa madaraja matatu ya mwanzo. Ila kwenye kitako cha fuvu kulilia daraja la kwanza ni kutafuta ugomvi, dura ya kule ndo ukuta wa sinasi kavanasi, utaitoa uiweke nini?

Patholojia ikarudi: aina ya meninjotheliali, daraja la 1 la WHO, la upole kuliko yote, haijaingia kwenye ubongo, seli zinazogawanyika zimeonekana moja kwenye sehemu kumi. Kwenye mgawanyo wa WHO wa 2021 ukifika 4 unapanda daraja la 2, ukifika 20 la 3, na kuna mabadiliko ya jeni ya TERT na CDKN2A/B yanayokupeleka la 3 moja kwa moja hata seli zikionekana zimetulia. Za mbele katikati kama hii mara nyingi zinabeba mabadiliko ya jeni za AKT1 au SMO badala ya NF2. Kwa huyu jeni hatukupima.

Vipokezi vya projesteroni, homoni ya kike, vilikuwepo kwenye uvimbe, na hapo ikabidi turudi kwenye historia, maana hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu miaka 9. Utafiti wa Ufaransa uliotoka jarida la BMJ mwaka 2024 ulikuta wanawake waliotumia medroksiprojesteroni ya sindano, ndo dawa ya hiyo ya miezi mitatu, kwa mwaka na zaidi wana hatari kama mara tano na nusu ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma. Jamani msikimbie nayo. Huo ugonjwa ni wa nadra, mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo, na uhusiano haumaanishi sindano ndo imeotesha huu uvimbe. Lakini aliyekwisha kuwa na meninjioma hatumrudishi kwenye sindano. Tuliongea naye na nesi wa uzazi wa mpango, akachagua kitanzi cha shaba.

Siku ya pili baada ya upasuaji mkojo ukafika lita 6, sodiamu 149, kikonyo kimenuna. Desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo, kidogo, maji ya kunywa kwa kiu yake, siku ya tano imetulia. Jicho la kushoto asubuhi ya kwanza akasoma saa ya ukutani. La kulia halikushangilia. Miezi mitatu baadaye kushoto 6/6, upande wa nje umerudi karibu wote, kulia 6/60, anaona mtu amekaa ila hajui ni nani. Kwenye picha za neva zile nyuzi za jicho la kulia zilishakuwa nyembamba sana kabla hajapasuliwa, na kama angekuja kwetu siku ile ya kabagolini ya kwanza sijui lingekuwa wapi, miezi saba kwa neva iliyobanwa ni mingi.

MRI ya miezi mitatu safi. Inayofuata ni baada ya mwaka. Kabagolini tumeacha, prolaktini imekaa 14 yenyewe bila kidonge. Biashara amerudi, bakuli analishika kwa mkono wa kushoto kwanza ndo anamimina, na binti amehamia upande wa kulia wa meza.

Kliniki ya mwisho alikuja na miwani zote tatu kwenye mfuko wa rambo akaniuliza hizi mwanangu nitupe? Nikazijaribu moja moja pale mezani na karatasi ya kusomea. Mbili nikamwambia mama hizi gawa. Ya tatu abaki nayo, ana miaka 47, ya kuhesabia hela anaihitaji.